Sho-Bud Pro I ya miaka ya 70: mwaka mmoja na nusu nikiipiga, haya ndo maoni yangu

Kuna watu kadhaa nimewaahidi ntaandika kuhusu hii gitaa na kila siku naahirisha, sasa leo niko na siku mbili nyumbani kabla nirudi barabarani, wacha niandike yote mara moja. Ninayoongelea ni pedali stili, Sho-Bud Pro I, shingo moja (yaani safu moja ya nyuzi), nyuzi kumi, pedali tatu na leva nne za magoti, imetengenezwa Nashville miaka ya 70. Kama hujui pedali stili ni nini, sauti yake unaijua, jina tu ndo huna. Ni ile sauti inalia nyuma ya mwimbaji kwenye muziki wa kantri, inapanda polepole kama mtu anayetaka kusema neno halafu analimeza. Nyumbani wengi hudhani ni fidla, mi nilidhani ni kinanda mpaka nikafika miaka thelathini na kitu.

Nimekulia Njoro. Baba alikuwa na redio ya betri iliyokaa juu ya kabati ya vyombo, jioni akishamaliza kukamua na kunawa miguu ilikuwa ni Jim Reeves, Charley Pride, Don Williams, na hakuna mtu wa kuongea hapo katikati. Wakenya wa rika lake wanapenda kantri kuliko Wamarekani wengi ninaofanya nao kazi, huku nikiwaambia kuna wazee Nakuru wanaimba Don Williams mwanzo mpaka mwisho bila kukosea neno wananiangalia tu. Hiyo sauti ya kulia iliniingia nikiwa mdogo sana na nikakaa nayo miaka yote hiyo bila kujua inatoka kwa kitu gani.

Sasa naendesha trela, naishi Louisville, Kentucky, na Nashville ni karibu masaa matatu ukishuka na barabara kuu ya I-65. Siku moja mzigo ulichelewa nikalala huko, jioni nikashuka Broadway kunyoosha miguu. Kuna baa inaitwa Robert's Western World, namba 416, nyuma yake ni kichochoro tu halafu Ryman Auditorium, ile nyumba iliyojengwa iwe ya ibada ambayo Grand Ole Opry, kile kipindi cha redio cha muziki wa kantri, walipigia muziki kuanzia 1943 mpaka 1974. Nikaingia kwa sababu mlango ulikuwa wazi na muziki unatoka nje. Jukwaani pembeni kuna mzee ameketi nyuma ya kitu kama meza nyembamba ya miguu minne, nyuzi zimelala juu, mkono wa kushoto anatelezesha kipande cha chuma, mkono wa kulia ana kucha za chuma vidoleni, na huko chini miguu na magoti yanafanya kazi kama mtu yuko kwa cherehani. Na kutoka hapo inatoka sauti ya kabati ya vyombo ya Njoro. Nilisimama hapo mpaka wakamaliza, soda yangu imekuwa maji.

Baadaye ndo nikajua kwamba nyumba hiyo hiyo niliyosimama ndani ndo ilikuwa duka la Sho-Bud zamani. Hizi gitaa ziliuzwa na kurekebishwa hapo, wanamuziki wanatoka Ryman kwa mlango wa nyuma, wanavuka kichochoro, wanaingia dukani. Kwa hivo nilipoanza kutafuta ya kununua sikuwa na maswali mengi juu ya jina.

Kidogo tu ya historia kwa sababu inasaidia kuelewa unanunua nini. Stili ilianza Hawaii, anayepewa sifa ni Joseph Kekuku, kijana wa shule miaka ya 1880 mwishoni aliyeanza kutelezesha chuma juu ya nyuzi za gitaa badala ya kuzibana kwa vidole. Ikavuka ikaja bara, mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikawekwa umeme, lakini tatizo likawa moja: ukishaityuni kodi moja ya muziki, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, una hiyo moja tu ya kusukuma juu na chini. Watu wakaongeza shingo, mbili, tatu, mpaka nne, kila shingo na tyuni yake. Halafu mafundi wakafikiria pedali za kuvuta nyuzi. Paul Bigsby wa California alimtengenezea mpiga stili Speedy West moja yenye pedali 1948. Lakini aliyewasha moto ni mpiga stili Bud Isaacs kwenye wimbo wa mwimbaji Webb Pierce, Slowly, wa 1954, kwa sababu yeye alikanyaga pedali nyuzi zikiwa bado zinalia, kwa hivo unasikia noti moja inapanda huku nyingine imesimama palepale. Kabla ya hapo pedali zilikuwa hasa za kubadilisha tyuni, unakanyaga halafu ndo unapiga. Baada ya huo wimbo wapiga stili wakaanza kufungua gitaa zao nzuri wanafunga vyuma chini. Wawili kati ya waliokuwa wakifanya hiyo kazi ya kuunda ni Shot Jackson na Buddy Emmons, Sho ya Shot na Bud ya Buddy, miaka ya 50 katikati. Emmons akatoka 1963 akaenda kuanzisha kampuni yake mwenyewe, Jackson na vijana wake wakaendelea.

Sasa kununua. Ya kwanza nilinunua vibaya na naisema ili mwingine asiumie. Niliona onlaini kwa duka moja la jimbo lingine, modeli ya wanafunzi, pedali tatu, haina leva hata moja ya goti, dola 800. Picha zote zilikuwa za juu, mbao inang'aa, sikufikiria kuuliza ya chini. Ilipofika nikaifunga miguu nikakanyaga pedali ya kwanza na kitu kikasema tak. Kuna vipande vya hiyo mitambo vilitengenezwa kwa chuma cha kumimina, kile rahisi chenye zinki, miaka ikipita kinavunjika kama biskuti, na mojawapo kilikuwa na ufa wa zamani uliopakwa gundi. Nikapiga simu wakasema imeuzwa jinsi ilivyo. Nikaja kuiuza kama spea, dola 350, na nikakaa karibu mwaka sitaki kusikia hiyo habari.

Hii ya pili niliipata kwa mzee mmoja kusini mwa Kentucky, karibu na mpaka wa Tennessee. Aliinunua ikiwa imetumika tayari 1981, amepiga nayo kwa densi Jumamosi na kanisani Jumapili mpaka vidole vikakataa, baridi yabisi. Alikuwa anataka 2,200. Nilifika nikaizunguka, nikasifu mbao, nikauliza kama ninaweza kujaribu, yeye amekaa tu ananiangalia. Halafu akasema, "Kijana, juu umeangalia ya kutosha. Lala chini." Akanipa tochi.

Nikalala kwa kapeti yake. "Sasa kanyaga kwa mkono," akasema, "pedali moja moja, na usiangalie mkono wako, angalia kinachotembea."

Hapo ndo nilielewa hii kitu kwa mara ya kwanza. Pedali inavuta fimbo ya wima, fimbo inazungusha mhimili ulio chini ya sanduku, mhimili una mikono midogo, kila mkono unavuta fimbo nyembamba ya kulala mpaka mwisho wa kulia wa gitaa, na huko kuna chenja, mstari wa vidole vya alumini, kila uzi umelala juu ya kidole chake. Kidole kikivutwa upande mmoja uzi unakazika, noti inapanda. Kikiachiliwa upande mwingine uzi unalegea, noti inashuka, na springi inakirudisha pale pale kilipokuwa. Hapo kwa "pale pale" ndo kuna pesa yako yote. Kama hairudi pale pale huna gitaa, una fanicha.

Alinionyesha vya kuangalia na mimi nikawa naviandika kwa kichwa. Shika kila mhimili utingishe, ukisikia unacheza kwa tundu lake jua umelika. Pitisha tochi kwa kila kipande cha chuma cha kumimina utafute ufa, hasa pale bolti inapoingia. Nati za nailoni zile nyeupe kule mwisho, ambazo ndo unatyunia pedali, zigeuze kidogo uone kama zina meno bado. Angalia juu ya vidole vya chenja, nyuzi zikikaa miaka mingi zinachimba mfereji na uzi unaanza kulia kama nyuki. Kapi ndogo kule upande wa vichwa vya kukazia nyuzi lazima zizunguke zenyewe, uzi ukipita juu ya kapi iliyokwama noti hairudi sawa na utalaumu chenja bure. Halafu pikapu, hapa nasema ile sumaku yenye waya wa kunasa sauti, igonge kidogo ukiwa umewasha ampu, ile spika ya kukuza sauti, usikie kama iko hai. Rangi ya juu hakuigusa kabisa. Mikwaruzo niliyokuwa nimeshaanza kuhesabu ili nimpunguzie bei alisema hiyo haipigi muziki.

Tukamalizana kwa 1,950 pamoja na sanduku lake, pedali ya volyumu, na kiti cha kukalia chenye nafasi ndani ya kuweka nyuzi na vikorokoro. Kwa kulinganisha, mpya kutoka kwa mafundi wa sasa huanzia juu sana kuliko hapo, ukitaka ya maana tenga maelfu kadhaa ya dola na ujiandae kungoja itengenezwe.

Kwa macho, jameni, ni nzuri. Mbao ni mepo (maple), ile yenye vidoa vidoa kama macho ya ndege, na vanishi imegeuka rangi ya asali na imepasuka nyufa nyembamba kama nywele. Hakuna freti za kubana, ni mistari tu imechorwa kukuonyesha mahali pa kuweka chuma, na alama zake ni za karata, shupaza, kopa, pau, uru. Kuna mtu aliniambia niikwangue niipake vanishi mpya. Hapana. Ile vanishi iko hapo tangu mtu wa Nashville aipake, mi nitaifuta vumbi basi. Pale mkono wa kulia unapokaa mbao imelika kidogo, hiyo ni mkono wa yule mzee miaka zaidi ya thelathini, na mkono wangu sasa unakaa hapo hapo.

Uzito sasa. Ikiwa ndani ya sanduku ni zaidi ya kilo ishirini, na hiyo ni ya shingo moja. Za shingo mbili, zile zenye tyuni ya E9 mbele na ya C6 nyuma, ni mzigo wa watu wawili ama wa mgongo mmoja wenye bidii. Mi napakia magari kwa kazi na bado naisikia kwa kiuno. Kila ukienda mahali lazima ugeuze juu chini, ufunge miguu minne, ufunge ubao wa pedali, uning'inize fimbo tatu, uigeuze tena. Nimefikia dakika saba. Mwanzo ilikuwa nusu saa na jasho.

Tuingie kwa sauti, maana hapo ndo iko sababu. Tyuni ni E9, ya Nashville. Ukipiga tu bila kukanyaga kitu una kodi ya E. Pedali ya kwanza inapandisha B iende C kali (C sharp, nusu hatua juu ya C), ya pili inapandisha G kali iende A. Kanyaga zote mbili pamoja na umetoka E ukafika A bila mkono wa kushoto kusonga hata milimita. Hiyo safari fupi, hiyo tu, ndo robo tatu ya kilio chote ulichowahi kusikia kwa kantri. Noti mbili zinapanda, ile ya E iko palepale haijatingishika, na masikio yako yanahisi kama mtu amevuta pumzi. Mara ya kwanza nilipoifanya nyumbani ikatoka safi niliondoa miguu nikakaa. Nikarudia labda mara mia jioni hiyo, mke wangu akauliza kama nimejifunza moja tu. Nikamwambia ndio, hii moja.

Halafu inafunguka. Kodi ya C kwa mfano, unaipata freti ya nane, yaani mstari wa nane, bila pedali, freti ya tatu ukikanyaga mbili za kwanza, na freti ya kumi na moja ukikanyaga ya kwanza pekee na kusukuma ile leva ya goti inayopandisha E iende F. Ni kodi ileile lakini kila mlango unaoingilia una tabia yake, na njia ya kutoka ni tofauti. Huwezi kupata hiyo kwa modeli isiyo na leva za magoti, kwa hivo mtu akikuambia uanze na isiyo nazo ati kwa sababu ni rahisi, mi nakataa, maana ndani ya miezi mitatu utafika ukuta na utakuwa umenunua mara mbili kama mimi.

Kitu sikutegemea ni kwamba hii gitaa haitaki tyuna, kile kifaa cha kupimia noti. Yaani inataka, lakini ukiweka kila uzi sindano ikae katikati kabisa, ukipiga kodi inasikika chungu. Zile noti za tatu kwenye kodi, kama G kali ndani ya E, sikio linazitaka chini kidogo, karibu senti 14 (senti mia ndo nusu hatua moja) chini ya pale tyuna inasema ni sawa, kwa sababu noti zinalia kwa muda mrefu sana na kila msuguano unasikika. Kwa piano tumezoea, kwa stili haisameheki. Niliteseka na hii wiki tatu nikidhani gitaa ni mbovu, nikampigia yule mzee, akacheka kidogo akasema, "Tyuni E na tyuna, hizo zingine uliza sikio." Utaratibu wenyewe ni kwamba nyuzi zikiwa huru unatyunia kwa vichwa, halafu unakanyaga pedali na huku umekanyaga unatyuni noti ya juu kwa ile nati ya nailoni kule mwisho na kispana kidogo. Ukikosea huo mpangilio utazunguka usiku kucha.

Na ndo nifike kwa makosa yake, maana maoni bila makosa ni tangazo. Moja, sanduku linapinda. Ni kidogo sana lakini liko, ukikanyaga pedali mbili kwa nguvu mbao na fremu zinajikunja na nyuzi ambazo hujazigusa zinashuka kidogo. Wengi wanasema gitaa mpya zimepunguza hilo sana na nimejaribu moja, ni kweli imesimama imara kuliko yangu. Ninafidia kwa kutyuni E juu kidogo, lakini mtu mwenye sikio kali litamsumbua. Mbili, uzi wa tatu, ile G kali ya juu, ni wa saizi 11, mwembamba kama unywele na ndo unavutwa na pedali ya pili kila wakati, unakatika. Ukipiga kila siku weka akiba, mi nanunua sita sita. Tatu, pikapu ilinifia mwezi wa tano, waya wa ndani ulikatika, nikaituma kwa fundi akaizungushia waya mpya, dola 90 na wiki tano bila gitaa. Ilirudi na sauti yake, nilikuwa na wasiwasi sana. Nne, pedali zake ni nzito kuliko za kisasa na safari yake ni ndefu kidogo, kifundo cha mguu wa kushoto kiliuma miezi miwili ya kwanza.

Chenja nilipoipata ilikuwa nzito, grisi ya zamani imekuwa kama gundi. Usiweke grisi, tafadhali. Nilisafisha kwa mafuta yale ya kujaza kiberiti cha utambi kama Zippo, ya majimaji, unadondosha kidogo kidogo huku unakanyaga mpaka yanatoka masafi, madirisha wazi na hakuna moto karibu, halafu ukishakauka tone moja moja ya mafuta ya cherehani. Siku hiyo pedali zilikuwa nyepesi kama nimenunua nyingine.

Upande wa ampu natumia Peavey Nashville 112 niliyoipata ikiwa imetumika. Inatoa sauti safi bila kukwaruza hata ukiongeza, na stili inataka usafi huo. Ampu ya gitaa la kawaida inayokwaruza mapema itakunyima ule mlio mrefu.

Watu huniuliza kwa nini si Emmons. Zile Emmons za zamani za mfumo wa kusukuma na kuvuta zina sauti ambayo ukiisikia hubishani, noti inatoka imejaa kama imesimama mbele yako. Lakini kuzirekebisha ni elimu nyingine kabisa, kitu kimoja ukigusa kingine kinahama, na bei yake iko juu. Sho-Bud kwangu ina sauti yenye mbao ndani, laini kidogo pembeni, ina joto. Mpiga stili Lloyd Green, ambaye Sho-Bud walimtengenezea modeli inayoitwa LDG, ukimsikiliza utajua ninachosema, anapiga noti chache na hakuna inayopotea. Na usidhani ni kantri tu. King Sunny Adé wa Nigeria alikuwa na Demola Adepoju kwenye pedali stili ndani ya muziki wake wa juju, na inakaa pale katikati ya ngoma kama imezaliwa huko. Mi nimeanza kujaribu kuiweka juu ya benga polepole, gitaa la kwanza la benga linakimbia sana kwa hivo stili inabidi ikae chini yake ivute noti ndefu, bado sijapata lakini kuna siku mbili tatu imekubali.

Nije kwa Baba. Nilikuwa nimekaa nayo kama miezi minane nikampigia kwa WhatsApp, nikaegemeza simu kwa kiti, nikampigia wimbo mmoja wa zile zake, sauti tu bila kuimba. Nilipomaliza akanyamaza nikafikiri mtandao umepotea.

"Hiyo ndo ile inalianga nyuma?"

"Ndio Baba, ndo hiyo."

"Na unaipiga na miguu?"

Nikageuza simu nikamwonyesha pedali na magoti. Akaangalia muda. Halafu akasema, "Unaharakisha. Ile ya redio ilikuwa inangoja." Nikamuuliza inangoja nini, akasema, "Inangoja huyo mtu amalize kuimba."

Nimesoma maelezo mengi na kuona video nyingi kuhusu pedali ya volyumu na hakuna iliyoniingia kama hiyo. Mguu wa kulia ndo unashika volyumu, na kazi yake kubwa ni kuuchuna uzi ukiwa umeshusha, halafu kadri noti inavyokufa unafungua polepole ili ibaki sawa, unainyima mwanzo ili uipe mwishoni. Mi nilikuwa nafungua yote mara moja nakimbilia noti inayofuata. Nilirudi kwa ile nyimbo nikaacha nafasi pale mwimbaji angekuwa, nikaingia akishamaliza, na ikawa ile ya juu ya kabati. Si vizuri kama wao, lakini ilikuwa yenyewe.

Kwa hivo ni nani anunue. Kama unataka kitu cha kuokota mara moja kwa mwezi usinunue, nyuzi zitashika kutu na wewe utakata tamaa, mwaka wa kwanza wote mi sikupiga kitu ambacho mtu mwingine angetaka kusikia. Kama uko nyumbani Kenya na unafikiria kuagiza, fikiria sana habari ya uzito na fundi, maana ikiharibika huko utakuwa wewe mwenyewe na tochi yako, afadhali ujifunze kwanza kwa stili ya mapajani isiyo na pedali, mkono wa chuma na sikio ni vilevile. Lakini kama uko huku, una muda jioni, na hiyo sauti imekukaa tangu utotoni, tafuta ya zamani yenye angalau pedali tatu na leva mbili ama tatu za magoti, isiyo na ufa chini, kutoka kwa mtu aliyekuwa anaipiga mwenyewe. Gitaa iliyopigwa miaka yote ni salama kuliko iliyokaa darini miaka ishirini ikingoja bei, chenja inapenda kutembea.

Nikiipa alama, sauti kumi kwa kumi na sirudi nyuma. Uimara wa tyuni saba. Uzito na kufunga, nne. Kwa bei niliyolipa, tisa.

Nimebakiza leva moja ya goti la kulia inayorudi kwa uvivu, nadhani ni springi, ntaifungua kesho asubuhi. Na kama uko Kentucky, Tennessee ama kusini mwa Indiana na umeona moja inauzwa lakini hujui uiangalie vipi, niambie kabla hujatoa pesa, nikiwa siko barabarani ntakuja na tochi tulale chini wote.